Kabla Hujapiga Windo, Soma Kilichoandikwa

Dada yangu yuko Wete, Pemba, na ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa mtaani kwake. Hisa, mikopo, faini za wachelewaji, mfuko wa maafa, vyote alikuwa akivitia kwenye Excel, kwenye kompyuta ya mezani ambayo mumewe aliinunua ikiwa imeshatumika. Ikaanza kuzima. Anaandika, mara skrini inageuka bluu, kompyuta inajiwasha upya, na alichokuwa hajakihifadhi kimekwenda. Siku nyengine inashinda kutwa bila ya tatizo lolote. Akaipeleka kwa fundi. Fundi hakuuliza inazima wakati gani, wala inaandika nini inapozima. Alisema, "Mama, hii inataka kupigwa windo tu, kesho njoo uichukue," yaani ifutwe yote na iwekwe Windows upya. Kesho yake akaichukua, safi na tupu. Daftari la kikundi halimo. Na kabla wiki haijesha, skrini ya bluu ikarudi vile vile.

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira yangu. Wanawake wale hugawana fedha zao kabla ya Ramadhani. Safari hii walikaa barazani wakikumbushana nani alikopa nini na nani amesharejesha kiasi gani, na dada yangu katikati yao akiapa kwamba hakufuta yeye. Watu waliosoma skuli moja, waliozaliana watoto pamoja, wakaanza kutazamana kwa jicho la shaka. Vile vitabu vidogo vya wanachama viliokoa upande wa hisa. Upande wa mikopo, mpaka leo kuna fedha zinabishaniwa.

Na jibu lilikuwa limeshaandikwa! Dada aliipiga picha ile skrini kwa simu yake, akaniletea na mimi kwa WhatsApp, na alipofika kwa fundi akamwonesha. Chini ya maandishi meupe pameandikwa MEMORY_MANAGEMENT, yaani usimamizi wa kumbukumbu. Fundi alisema hayo ni mambo ya Kizungu ya Windows yenyewe, yasimshughulishe. Picha ilinifikia mimi jioni, na kompyuta ilikuwa tayari imeshafutwa.

Skrini ya bluu ni Windows kujisimamisha yenyewe kwa makusudi. Imekuta ndani ya moyo wake jambo ambalo haiwezi kuliamini tena, na badala ya kuendelea na kuharibu kilichomo, inasimama. Kabla ya kuzima hutaja sababu kwa msimbo, na mara nyingi huacha faili dogo la ushahidi kwenye C:\Windows\Minidump. Faili hilo lina tarehe, lina saa, na mara nyingi lina jina la draiva, ile programu ndogo ya kuendeshea kifaa, iliyokuwa ikifanya kazi wakati wa ajali. Programu ya BlueScreenView hulisoma bure. WinDbg ya Microsoft hulisoma kwa kina zaidi, nayo ni bure: unafungua faili, unaandika !analyze -v, unasubiri. Fundi anayefuta diski C kabla ya kulifungua faili hilo amefuta mali ya mteja na amefuta pia ushahidi wa ugonjwa. Skrini ikirudi, anaanza tena kwenye kiza, na mteja analipa tena.

Jambo la RAM, ile kadi ya kumbukumbu inayobeba kila kinachofanyiwa kazi kompyuta ikiwa imewaka, ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu ndilo lililomfika dada yangu na ndilo linalofukiwa zaidi na hii tabia ya kupiga windo. RAM ikiharibika haiharibiki yote. Huenda sehemu ndogo sana ya kadi ndiyo mbovu: unaiwekea kitu kimoja, inakurudishia kengine. Leo aliyekalia sehemu ile ni draiva ya sauti, kompyuta inaanguka na kuandika IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Kesho kutwa imekaliwa na kitu chengine, inaandika PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Siku ya tatu haikukaliwa na kitu cha maana, na kompyuta inashinda salama. Ndiyo maana inaonekana inazima ovyo ovyo. Ukiona misimbo inabadilika kila mara bila ya mpango, shuku vifaa, na RAM iwe ya mwanzo. Ukiona msimbo ni ule ule, na jina la draiva ni lile lile kila safari, shuku hiyo draiva. Si sheria isiyovunjika, lakini ni pa kuanzia, na haitaki chochote ila kusoma.

Sasa fikiria unapiga windo juu ya RAM hiyo hiyo. Kila faili la Windows mpya linapita humo kabla ya kuandikwa kwenye diski, kwa hiyo unaweza kuwa umeweka Windows iliyoharibika tangu siku ya kwanza. Ni kupaka rangi dau linalovuja. Na liko baya kuliko hilo, ambalo sijamsikia fundi hata mmoja akimwambia mteja: RAM mbovu haiishii kuangusha kompyuta. Inaweza kubadilisha unachokihifadhi. Unaandika deni la mtu, unahifadhi, na kilichoingia kwenye diski si kile ulichoandika, au faili zima halifunguki tena. Kwa mtu anayetunza fedha za watu arubaini, hili ni kubwa kuliko usumbufu wa kuwasha upya.

Nilipovuka kwenda Pemba nilichukua flashi yenye Memtest86+. Ni programu ya bure, inawaka kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaguswa, kwa hiyo ikikuta kosa huwezi kuisingizia Windows. Tuliiwasha baada ya sala ya isha, tukalala. Alfajiri skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Katika kipimo hiki hata kosa moja ni kosa, hakuna idadi ya makosa ya kuvumiliwa. Kompyuta ile ina kadi mbili za RAM. Nikatoa moja, nikapima. Nikairejesha, nikatoa ya pili, nikapima. Kisha ile iliyotoa makosa nikaihamishia tundu la pili, ili nijue kama mbovu ni kadi au ni tundu la madabodi, ile bodi kubwa inayochomekwa kila kitu. Makosa yalihama pamoja na kadi. Tukaiweka pembeni. Kompyuta sasa inatumia kadi moja, ni nzito kidogo ikifunguliwa vitu vingi, na haijaanguka tena. Dawa yenyewe haikugharimu hata shilingi.

Mtu asiye na flashi ana kipimo cha Windows yenyewe: aandike mdsched kwenye kitafutio, akubali kuwasha upya, asubiri. Ni chepesi kuliko Memtest86+ na kinaweza kupitwa na kosa, lakini ni bora mara elfu kuliko kutopima.

Nitakubali jambo, ingawa silipendi: kupiga windo wakati mwengine kunaponya kweli. Mafaili ya mfumo yakiwa yameharibika, au draiva zimerundikwa moja juu ya nyengine mpaka hazijulikani, Windows mpya inamaliza kazi. Lakini hata hapo kuna sfc /scannow na DISM, amri za Windows za kutengeneza mafaili yake, za kujaribu kwanza, na hakuna hali yoyote inayomruhusu fundi kufuta bila ya kumuuliza mwenye mali, "Je, umeweka nakala?" Kompyuta ya mtu mkononi mwa fundi ni amana. Neno hilo kila fundi wa visiwa hivi amefundishwa kwenye chuo cha Kurani tangu mdogo, na simdai zaidi ya hilo.

Kuhusu umeme. Sisi wa Unguja tuliokaa kizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunayo haki ya kuutupia umeme kila lawama. Lakini umeme ukikatika, kompyuta haipati nafasi ya kuandika chochote, inakufa tu. Ikiwa imeandika, basi ilikuwa hai na imekuta tatizo. Ni kweli kwamba kukatika ghafla kunaharibu mafaili, na pawa saplai iliyochoka au umeme unaopanda na kushuka unaweza kuiyumbisha mashine yote. Lakini wale wanaofungua kumbukumbu za matukio, wakaona Kernel-Power 41 na kusema "umeona, ni umeme", wanajidanganya. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta ilizima bila ya kufungwa vizuri. Nani aliyeizima, halisemi.

Hewa yetu ya chumvi nayo ina lake. Meno ya RAM yanaota kutu, na kuyatoa, kuyasafisha kwa spiriti na kuyarudisha vyema kumeponya kompyuta nyingi. Vumbi la kwenye feni, hasa miezi ya kaskazi, ni la kusafisha kabla ya kufikiria chochote. Diski inayokufa hujitaja pia: ukiona KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, wahi nakala kwanza, maswali baadaye. Na WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni vifaa vyenyewe vinalalamika, iwe prosesa, joto au nguvu ya umeme inayoifikia, na kwa kawaida Windows mpya haitovinyamazisha.

Anayedhani kusoma skrini ni anasa ya wataalamu wa nje aikumbuke tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 duniani kwa siku moja, viwanja vya ndege vikasimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Skrini iliandika PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA na ikataja draiva ya kampuni hiyo kwa jina. Na dawa iliyotangazwa? Kuiwasha kompyuta na vitu vya lazima tu, kuingia kwenye folda la draiva hiyo, na kufuta faili moja linaloanzia na C-00000291. Faili moja. Skrini ilisomwa, jina likafuatwa, ugonjwa ukakutwa pale pale ulipotajwa. Iweje kompyuta ya shirika la ndege isomwe, na ya katibu wa akina mama wa Wete ifutwe?

Tangu mwaka 2025 Microsoft wameanza kuibadilisha skrini yenyewe kwenye Windows 11 kuwa nyeusi. Kile kisura cha huzuni na ule mraba wa kupigwa picha vimeondoka, lakini msimbo na jina la draiva vimebaki, tena vinaonekana waziwazi zaidi. Kwa hiyo atakayeletewa kompyuta "inayopiga weusi" asikimbilie kusema ni kioo.

Mafundi wana hoja yao, na nimeisikia wakiisema kwa uchungu. Mteja anataka kompyuta leo hii. Mteja anaona Windows mpya ni kazi iliyofanyika, analipa, lakini ukimwambia umeipima usiku kucha na umegundua kadi moja mbovu, anakuuliza, "Kwa hiyo umefanya nini?" Kwa hili wateja tunayo hatia. Tunalipia kinachoonekana. Fundi aliyekesha na Memtest anaonekana hakufanya kitu, na aliyefuta kazi zetu za miaka anaondoka na malipo na shukurani juu.

Basi tupatane bei ya uchunguzi, peke yake, kabla ya matengenezo. Fundi aseme: nipe kiasi hiki niisome, niipime RAM na diski, nikuandikie nilichokiona, kisha uamue. Mteja naye alipe hata kama jibu ni "toa kadi hii, weka pembeni". Mimi nitalipa, na dada yangu amesema atalipa. Na anayeipeleka kompyuta yake wiki hii, Darajani, Chake au popote, aipige picha skrini kabla ya kutoka nyumbani, azuie isijiwashe upya yenyewe baada ya kuanguka ili maandishi yakae, atie mafaili yake kwenye flashi, na asiiache mezani kwa fundi mpaka amesikia kwa masikio yake msimbo ule unasomwa.