Shalimar bila shalwar

Haya. Huyu Mpemba ninayeishi naye chumba kimoja ameshaituma habari yangu kwa sauti kwenye kundi la Watanzania wa Lahore, huku Pakistan. Kutoka hapo imefika Tanga kwa shangazi yangu, na shangazi kanipigia leo alfajiri kuuliza kama ni kweli nimekamatwa uchi kituo cha treni. Basi niisimulie mwenyewe. Sikuwa uchi. Sikukamatwa. Na treni haikuchelewa kwa ajili yangu, ilikuja saa yake ikaondoka saa yake. Mengine yote, kwa masikitiko, ni kweli.

Ilikuwa Jumamosi. Rafiki yangu wa darasani dada yake anaolewa, kwa hiyo nikaalikwa kwenye mehndi, ile siku ya hina, kwao kule karibu na bustani za Shalimar. Hapo hapo nianze na aibu ndogo ili mzoee. Asubuhi nilimuaga mwenye nyumba wetu kwa Kiurdu changu cha kuokoteza, nikamwambia naenda "dada ki shadi", yaani harusi ya dada. Lilinitoka tu la kwetu. Mzee akavua miwani. Kwa Kiurdu dada ni babu, tena babu mzaa baba. Akaniuliza huyo dada ana umri gani. Nikajibu miaka ishirini na tatu. Akasema mashallah, akarudi ndani taratibu.

Lugha hii inalaghai, jamani. Unasikia kitabu, dunia, wakati, barafu, achari, hata laki yetu wanayo na ni laki ile ile, unajiona umefika kwa wajomba. Kumbe chini ni sukari. Kila mzee wa makamo ni chacha, yaani baba mdogo, ndugu zangu kina Chacha wa Tarime mngegeuka kila mkiitwa barabarani. Na mimi miezi yote hii nikiitwa "kaka" na wauza matunda na makondakta nilikuwa navimba kichwa, naona Wapunjabi wana heshima. Kwa Kipunjabi kaka ni mtoto mdogo wa kiume. Hilo nimelijua Jumamosi, na mtaona nimelijuaje.

Sasa shalwar. Kwa wasioijua: haina zipu, haina kifungo, haina mpira. Ni suruali yenye kiuno cha kuwatosha watu watatu wenye kula vizuri, na kwenye pindo la juu kuna njia ya kupitisha kamba. Kamba ndiyo inayokukunja wewe mmoja ubaki humo. Tena fundi cherehani hakupi. Unakwenda kuinunua mwenyewe, na mimi niliinunua pale Anarkali, sokoni, ambako muuzaji alinitolea ya pamba, nyeupe, imepooza kama utambi wa koroboi. Nikaikataa. Pembeni kulikuwa na ya hariri, au inayojifanya hariri, inang'aa, na nchani ina tamvua za rangi ya dhahabu. Mzee wa watu akatikisa kichwa, akaigusa ya pamba mara mbili kwa kidole bila kusema kitu. Nikalipia ya hariri.

Kuipitisha tu ilituchukua dakika arobaini. Unaifunga kwenye mpini wa mswaki, unausukuma mswaki ndani ya pindo kama unamfukuza panya kwenye bomba, ukifika nusu kamba inachomoka, unaanza upya. Mswaki ulikuwa wa Mpemba. Hilo nalo kalitaja kwenye sauti yake, kwa uchungu mkubwa kuliko aibu yangu yote.

Nilipofunga akanitazama kiunoni. "Piga fundo la pili weye. Hicho si msuli."

Sikilizeni jibu nililompa, maana ndilo lililoniponza. Nilimwambia: "Mimi mtu wa Tanga. Nimefunga msuli tangu sijaota ndevu. Nguo ya kiunoni itanifundisha nini?" Nikapiga fundo la kitanzi, lile la kamba za viatu, nikavaa kameez juu, yaani lile shati refu, na kizibao changu cheusi juu yake, nikajitazama kwenye kioo. Nilipendeza. Niacheni na hilo, maana ndilo lililobaki.

Njiani nikapitia duka la mithai, vile vitamutamu vyao, nikachukua boksi mbili, moja laddu, moja barfi. Kijana wa dukani alizifunga kwa uzi wa pamba, akauzungusha mara nne, akapiga fundo, akalivuta kwa meno. Boksi la laddu lilitoka pale limefungwa vizuri kuliko mimi.

Nikapanda chingchi hadi kituoni. Chingchi ni pikipiki iliyovalishwa kibanda kwa nyuma, abiria mnakaa mkipeana migongo, na nyie wa nyuma mnatazama magari yanayotaka kuwagonga. Nilikaa nyuma. Kameez nilikuwa nimeipandisha kidogo isijikunje, na tamvua zangu za dhahabu, sasa najua, zilikuwa zinaning'inia nje zikipunga upepo, hadi moja ikaingia kwenye uwazi wa chuma cha kiti ikatulia humo. Tulipofika nikashuka kwa kuruka, boksi kila mkono, kijana wa mjini.

Kitu kikanivuta kiunoni kidogo. Halafu kikaachia. Fyuu.

Nikadhani ni kizibao.

Kituo kiko juu, treni yenyewe karibu njia nzima inapita juu ya nguzo. Ni ile Orange Line waliyoizindua 2020, kilomita ishirini na saba na vituo ishirini na sita, na kwa mtu aliyezoea daladala ukiingia mle unaona haya kukanyaga sakafu. Nikiwa katikati ya ngazi za umeme nikahisi ubaridi mahali ambapo hapakuwa na ubaridi tangu asubuhi. Nikashusha kiwiko cha kushoto kupapasa. Kitambaa kilikuwa kimeanza safari.

Nikabana. Kiwiko cha kushoto, kiwiko cha kulia, magoti pamoja. Nikatoka juu ya ngazi nikitembea kama bata aliyekula mahindi mabichi, boksi mbili zikibembea mbele, na usoni nimeweka tabasamu la mtu asiye na tatizo lolote. Mpango wangu ulikuwa mzuri: nivuke ukaguzi, nitafute kona, niweke boksi chini, nifunge. Ukaguzi nilikuwa nimeusahau kwamba ni ukaguzi.

Pale kuna mlango wa kukagua vyuma, na foleni mbili, ya wanaume na ya kina mama na mlinzi wao wa kike. Upande wetu alikuwepo chacha mmoja wa ndevu za hina, mpole, ana kile kifimbo cha kupitisha mwilini. Mbele yangu watu watatu. Wawili. Mmoja.

"Boksi mezani."

Nikaweka boksi mezani. Hilo nilifurahi, maana mikono yote miwili ikarudi kiunoni kwa kasi, nikaishika shalwar juu ya kameez, ngumi mbili, kila upande moja. Mlango ukalia. Ni simu. Chacha akanisogelea na kifimbo.

"Hath upar, kaka."

Mikono juu.

Sasa tulieni hapa pamoja nami, maana wale mnaocheka kwenye kundi hamkuwaza hili. Jitazameni nyie ndio mlinzi. Mgeni, mrefu, mweusi, anatokwa jasho mwezi wa kumi na moja wakati wenzake wamejifunika shali. Ameshika kiuno chake kwa mikono miwili, ameng'ang'ania kitu chini ya nguo. Unamwambia anyanyue mikono. Anakataa.

Chacha akaacha kutabasamu. "Hath upar."

"Sabr, chacha," nikamwambia. Subira wanayo, nilishukuru Mungu subira wanayo. "Sabr, sabr."

Mlinzi wa pili akasogea. Foleni nyuma ikarudi hatua mbili, yote kwa pamoja, kama maji ya bahari yanavyokupwa. Nikaona nieleze. Neno la ile kamba nilikuwa nalijua, nimelisikia sokoni, nimelirudia njia nzima kutoka Anarkali. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ili wote waelewe:

"Mera nara khul gaya!"

Kwa masikio yangu nilisema: kamba yangu imefunguka. Ila wale wana "r" yao ya kukunja ulimi juu, na mimi ulimi wangu wa Tanga haukunjwi. Ukiisema ile "r" ya kawaida, nara ni kaulimbiu ya kisiasa, ile ya kupigwa mkutanoni watu waitikie. Kwa hiyo mgeni aliyeng'ang'ania kiuno mlangoni pa treni ametangaza mbele ya umma kwamba kaulimbiu yake imefunguka.

"Kaunsa nara?" akauliza yule wa pili. Kaulimbiu gani?

"Mera!" Yangu!

Nyuma kulikuwa na vijana wa chuo, wanne au watano, na hao kokote duniani ni wale wale. Mmoja akapaza sauti: "Lagao bhai, lagao!" Piga kaulimbiu, ndugu. Mimi lagao naijua kwa maana ya kufunga, kama unavyoambiwa ufunge mkanda kwenye gari. Nikaona afadhali, mmoja kanielewa, ananishauri nifunge. Nikamgeukia karibu na machozi nikamwambia siwezi, mikono haitoshi. Nao wakaitikia kwa pamoja, wakinyanyua ngumi: "Zindabad!"

Idumu. Kamba yangu idumu.

Upande wa kina mama kukawa kimya. Chacha akanitazama machoni, akasema mara ya tatu, polepole, sauti ya mtu ambaye hatasema mara ya nne: "Hath. Upar."

Nikaachia mkono wa kulia kwanza. Ikashuka kidogo upande huo, ikaning'inia kwenye nyonga. Nikawaza labda itakaa. Nikaachia wa kushoto.

Mtu asiwadanganye kwamba nguo huanguka ghafla. Shalwar ni kitambaa kingi, ina mikunjo, ina hewa ndani. Ilishuka kwa heshima zake, kama pazia la ukumbi mwisho wa mchezo. Nikaisikia ikipita mapajani. Ikasimama magotini, ikapumzika, nikabana magoti, ikaniteleza. Ikafika chini ikajikusanya juu ya viatu vyangu, laini, bila kelele, na ile kamba ya hariri ikachomoka yote ikalala juu yake inang'aa. Nami nimesimama mikono juu. Na mikono ikiwa juu, kameez nayo hupanda, na kameez ina mpasuo huku na huku.

Ndani nilikuwa na bukta. Narudia, shangazi: nilikuwa na bukta. Bukta ya Yanga, kijani na njano, ambazo ni rangi za mehndi kabisa, kwa hiyo angalau nililingana na shughuli. (Watu wa Simba, najua. Semeni yote leo tumalizane.)

Bibi mmoja upande wa kina mama akasema "Haye Allah" akajifunika dupatta, ule mtandio wao, uso mzima, na dupatta ikawa inatikisika. Chacha akatazama chini. Akatazama juu. Akaiona kamba, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekumbuka jina la jirani.

"Achhaaa. Nara!" Na ile "r" ameikunja vizuri, ulimi juu. Wala hakucheka. Sawa, alicheka, ila baadaye.

Yaliyofuata ni ya haraka. Akaniingiza kwenye kichumba chao cha nyuma, akachukua kalamu ya bluu, akafunga kamba kwenye kalamu, akaipitisha kwenye pindo lote kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kusimulia. Akapiga magoti, akanifunga yeye mwenyewe, fundo moja, la pili, la tatu, akivuta kila moja kwa meno ya subira, huku akinong'ona "bas, kaka, bas" kama unavyombembeleza mtoto anayevishwa kwenda madrasa, na hapo ndipo nilipolielewa neno kaka, mtu mzima mwenye ndevu, mikono nimeinyanyua tena bila kuambiwa. Nikampa laddu nne. Vijana wa chuo wakanisindikiza hadi kwenye behewa. Zindabad tena. Shughuli ilikwenda vizuri, nilikula, nilicheza, hakuna aliyejua, nikarudi.

Sasa mnajiuliza Mpemba kajuaje, kama hakuna aliyejua. Kwenye mehndi walitoa chai ya Kikashmiri, ile ya rangi ya waridi yenye lozi na pista, na mimi niliipenda, nikanywa vikombe vinne. Nilifika chumbani saa saba usiku nikitembea tena kama bata, safari hii kwa sababu nyingine. Fundo la chacha halikufunguka. Kucha, meno, uma, mswaki, halikufunguka. Nikamwamsha Mpemba. Akawasha taa, akaketi kitandani, akasema hatafuti mkasi mpaka nimweleze yote tangu mwanzo, na nisiruke kitu.

Nikamweleza nikirukaruka.

Nusu ya kamba ninayo hapa mezani. Nusu yenye tamvua anayo yeye, kaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake. Na ananidai mswaki.