Namba 75 hufuata 74

Wiki iliyopita mtambo wa namba ulizimika katika ofisi moja ya serikali huku ninakoishi, na tangu siku hiyo sijatulia.

Mlioko ughaibuni mnaujua utaratibu. Ukiingia unabonyeza kitufe, mashine inatoa kikaratasi chenye namba, unatafuta kiti. Namba yako ikiwaka juu ya dirisha, unakwenda. Hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Kiti cha pembeni yangu alikaa kaka mmoja wa kwetu, bado mgeni huku, akaniinamia na kuninong'oneza: "Unawaona wenzetu? Hawa wameumbwa na subira. Sisi hata tuletewe mashine ya dhahabu, tutasukumana tu."

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo mara nyingi mno, mengine yakitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Muda si mrefu skrini ikawa nyeusi. Dakika chache watu walitazamana. Kisha mzee mmoja akainuka, akasogea dirishani "kuuliza tu". Mwanamke aliyekuwa akisoma kitabu kwa utulivu wa kupigiwa mfano akakifunga, akakibana kwapani, na kiwiko chake kikatangulia. Robo saa haikuisha, pale mbele hapakuwa na foleni tena. Palikuwa na lundo la watu, kila mmoja amenyoosha kikaratasi chake juu, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Na hao walikuwa wenyeji wa hapa, waliozaliwa na kulelewa hapa. Fundi alipokuja na namba zikawaka, wakarudi vitini wakiwa watu wale wale wa subira.

Kuna jina la kosa alilolifanya yule kaka. Lee Ross, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliliita mwaka 1977 kosa la msingi la uhusishaji. Maana yake si ngumu: mtu akifanya jambo, tunakimbilia kusema ndivyo alivyo, na tunasahau kuangalia amewekwa wapi. Mwenzako akichelewa ni mzembe. Ukichelewa wewe, ni njia. Wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton walipimwa kwa jambo hili, na matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Walitumwa jengo jingine kwenda kuzungumza, na njiani aliwekwa mtu amejikunyata, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, na wapo waliomruka yule mtu wakapita. Hao ni watu waliojitolea maisha yao kwa Mungu, na kilichowatenganisha ni saa.

Lakini jaribio linaloniuma zaidi ni la watoto. Wengi mmesikia lile la zamani la mwanasaikolojia Walter Mischel: mtoto anawekewa peremende laini moja, anaambiwa akivumilia bila kuila ataongezewa ya pili. Miaka mingi likatumika kutuhubiria kwamba kuna watu wana subira na kuna wasio nayo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester wakaongeza hatua moja kabla. Kila mtoto alipewa kalamu chakavu za rangi, akaahidiwa kwamba akisubiri ataletewa nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine yule mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi, akasema kumbe hakuna. Ikarudiwa hivyo hivyo kwa stika, ndipo ikaja peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Kati ya 14 waliotimiziwa, 9 walifika mwisho wa dakika 15 zilizopangwa. Kati ya 14 waliodanganywa, alifika mmoja.

Someni tena hapo. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, amevunjiwa ahadi mara mbili tu, na tayari ameshajua kwamba kusubiri ni ujinga. Sasa sisi tumevunjiwa ahadi mara ngapi? "Njoo kesho." "Mtandao hauko." "Mwenye muhuri ametoka." Halafu anapita mtu kwa mlango wa nyuma simu ikiwa sikioni, anatoka na karatasi yake, nawe uliyefika alfajiri unatazama. Ukisukuma baada ya hapo, wanakuita huna ustaarabu. Mimi nasema una akili. Umesoma mazingira yako vizuri kama wale watoto walivyoyasoma.

Najua kitakachofuata. Kundi la kwanza litasema: miaka tisa nje, sasa amekuja kutufundisha kupanga foleni. Ndugu zangu, nisomeni vizuri. Nasema kinyume chake. Sikuja huku nikapata tabia mpya. Nilipata namba, na namba 75 hufuata 74 hata kama mwenye 76 ni shemeji wa mkubwa. Ukinirudisha nyumbani leo, kesho kutwa nitakuwa nasukuma, na mnajua nasema kweli kwa sababu mmeniona likizo.

Kundi la pili ndilo linalonikasirisha zaidi, maana ni watu wa kwetu hasa na wanajiona wakweli: "Acha kututetea, utamaduni wetu ndio mbovu." Sawa, tuuzungumze utamaduni, maana una nguvu na siwezi kuukana. Wanauchumi Raymond Fisman na Edward Miguel walichunguza magari ya wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa mjini New York. Kati ya 1997 na 2002 magari hayo yalikusanya zaidi ya faini 150,000 za maegesho zisizolipwa, kwa kuwa kinga yao iliwafanya wasiguswe. Waliotoka nchi zenye rushwa nyingi walikuwa wakosaji zaidi. Kwa hiyo ndiyo, mtu husafiri na mazoea yake. Lakini soma mpaka mwisho. Burkina Faso haikuwa na faini hata moja ambayo haikulipwa, sawa na Norwei na Uswidi. Na mwishoni mwa 2002, jiji liliporuhusiwa kuwanyang'anya wakaidi namba za kidiplomasia za magari, makosa yalishuka kwa karibu asilimia 98. Watu ni wale wale, na utamaduni haukubadilishwa kwa semina wala kwa mahubiri.

Na huo utamaduni wenyewe tunaousingizia haukushuka kutoka mbinguni. Nathan Nunn na Leonard Wantchekon, huyu wa pili ni mwana wa Benin, walionyesha mwaka 2011 kwamba jamii za Afrika zilizoporwa watu zaidi wakati wa biashara ya utumwa ndizo ambazo hadi leo watu wake huaminiana kidogo zaidi, hata na majirani na jamaa. Wapo waliouzwa na watu waliowafahamu. Kutoaminiana kuliokoa maisha, kukarithishwa. Anayekiita hicho laana ya ngozi anaitukana historia asiyoijua.

Kwa hiyo nikimsikia mtu wa kwetu, tena msomi, anasema "ndivyo tulivyo", damu inanichemka. Kauli hiyo inampa raha mtu mmoja tu: aliyekaa nyuma ya dirisha. Kama tatizo ni tabia ya watu milioni kadhaa, yeye afanyeje? Anywe maji yake, asubiri tubadilike. Lakini kama tatizo ni kwamba aliyefika wa 40 anahudumiwa kabla ya aliyefika wa 4, tatizo hilo lina jina, lina meza, lina mtu wa kuulizwa.

Ninajivunia watu wetu, na sisemi hivyo kuwafariji. Nimewaona wakisimama juani tangu giza la alfajiri kwa huduma waliyoahidiwa na kunyimwa mara tatu, wakarudi mara ya nne na faili mkononi. Siku ile huku wenyeji walishindwa kuvumilia robo saa ya skrini nyeusi. Yule kaka alikuwa hapo, aliona kwa macho yake. Tulipotoka nje nikamuuliza ana lipi la kusema sasa. Akanijibu: "Ah, wale walikuwa na haraka zao."

Wao wana haraka zao. Sisi ndivyo tulivyo.