Muacheni Nas na It Was Written yake

Juzi tumekaa maskani Majengo, kahawa chungu na kashata, kijana mmoja akatoa kauli kwamba Nas, yule rapa wa Marekani, ana albamu moja tu ya maana, Illmatic, zengine zote alikuwa anasaka pesa. Nikashindwa kunyamaza. Hayo maneno nayaskia tangu 1996 na kila mara yananiuma.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Safari moja akarudi na kaseti ya dakika 90 aliyorekodiwa na mwenzake melini, upande A Illmatic, albamu yake ya kwanza, upande B It Was Written, ya pili. Sasa Illmatic ni nyimbo 10 na haifiki dakika 40, iliingia yote na nafasi ikabaki, lakini It Was Written inakaribia saa nzima kwa hivyo tepu ilikuwa inakatika katikati ya wimbo, tak, kimya, unaitoa unaizungusha na kalamu ya Bic mpaka mwanzo maana betri hatukuwa na za kuchezea. Na upande tuliokuwa tukiuzungusha sana ni B.

Illmatic ni albamu kubwa, hilo sibishi. Ilitoka Aprili 1994 Nas akiwa na miaka 20, jarida la The Source likaipa maiki tano, alama ya juu kabisa ambayo msanii anayeanza hapewi hivi hivi. Lakini wanunuzi hawakuikimbilia, ilianza nambari 12 kwa chati ya Billboard ya Marekani na platinamu, yaani nakala milioni moja, ikaja kupata 2001. It Was Written ikawa kinyume chake, Julai 1996 ilipotoka tu ikakaa nambari 1, na ikakaa hapo wiki 4, na hapo ndo wahakiki wengi wakakunja uso, ati maprodyuza Trackmasters wamelainisha midundo, ati kijana wa mtaa wa Queensbridge, New York, amegeuka Escobar wa masuti, jina alilojipa kwa kumuiga yule bwana wa unga.

Kwangu mie wale hawakuiskiza albamu, walikuwa wanaitafuta Illmatic ndani yake, na kila walipoikosa wakakata maksi. Chukua I Gave You Power, mdundo wa prodyuza DJ Premier. Anayezungumza pale ni bunduki yenyewe, imechoka kuua, imechoka kufichwa na kupitishwa mkono kwa mkono, ikafika siku mwenyewe anaifyatua ikagoma makusudi, yeye akapigwa akaanguka, na kabla haijapumua mtu mwengine akaiokota. Wakati huo mwalimu wa fasihi alikuwa anatufunza tashihisi kwa mifano ya upepo kuimba na mawimbi kucheka, na mie nimekaa nyuma nawaza mbona kuna jamaa ameibeba tashihisi wimbo mzima na hajateleza hata mstari mmoja! Huo nao ni ulaini gani jamani?

Si kwamba albamu haina ila, ile Nas Is Coming aliyofanya na prodyuza Dr. Dre mie huiruka mpaka leo. Lakini waliotoa pesa zao 1996 waliskia kitu cha kweli, hawakuhadaiwa na korasi ya mwimbaji Lauryn Hill kwenye If I Ruled the World peke yake.

Nikamuuliza yule kijana, mwanangu, hiyo albamu umeiskiza yote? Akasema anaijua If I Ruled the World tu. Yaani hukumu yote ile aliirithi kwa watu walioandika kabla hajazaliwa. Nikamwekea kwa simu, kuanzia wimbo wa kwanza, kahawa ikapoa.