Kutaga na kwenda si kutupa mtoto

Kasa akipanda ufukweni usiku, kazi ni kuchimba. Mapezi ya mbele yanafukua mahali pa kulaza mwili mzima, kisha ya nyuma yanaingia kazini: moja linajikunja kama kata, linachota mchanga na kuumwaga pembeni, halafu la pili linashuka kwa zamu yake. Shimo lenyewe halioni, maana liko nyuma yake. Likitosha, mayai yanaanza kudondoka, mawili matatu kwa mkupuo, hadi yatimie mia moja hivi. Anafukia, anashindilia, anarusha mchanga huku na huku ili dalili ya shimo ipotee, kisha anarudi majini. Hatarudi kuwaangalia watoto.

Hilo la mwisho ndilo watu hubaki nalo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema, na mzazi tunayemfikiria ni yule anayekaa na mtoto wake: tembo anayebeba mimba ya ndama mmoja kwa miezi 22, orangutani anayepitisha miaka saba au minane kabla ya kuzaa tena. Wanaotaga mamia au mamilioni wakaenda zao tunawatia fungu la wasiojali. Naona tumewaonea, na uonevu huo haukuishia kwenye maneno.

Mwanabiolojia Robert Trivers, alipoandika mwaka 1972 kuhusu uwekezaji wa wazazi kwa watoto wao, hakuhesabu ulezi peke yake. Alihesabu chochote ambacho mzazi humpa mtoto mmoja kikamwongezea nafasi ya kuishi, huku kikipunguza uwezo wa mzazi kuwapa wengine. Kiini cha yai kimo humo. Kwa kipimo hicho, kasa ameshalipa kabla mtoto hajatikisika. Kukomaa tu humchukua miongo kadhaa. Husafiri mamia ya kilomita, pengine maelfu, kutoka malishoni, hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja huku akila kidogo sana, kisha hupita miaka miwili au zaidi ndipo apate nguvu za kutaga tena. Na kila yai ameliwekea masurufu ya safari: chakula cha kumkuza mtoto ndani ya ganda, kumfikisha juu ya mchanga na kumsukuma baharini siku zake za kwanza.

Wanaotetea walezi wana hoja nzito. Utafiti wa tembo wa Amboseli, Kenya, uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba familia za tembo zinazoongozwa na majike wazee hutambua vizuri zaidi miito ya tembo wasiowafahamu, na hufanikiwa zaidi katika kuzaa. Ukimuua jike wa namna hiyo umeua na ujuzi wa ukoo mzima. Tena anayezaa mmoja mmoja, idadi yake ikishuka, hupanda tena polepole mno. Hayo siyabishii hata kidogo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale mtu anapohitimisha kwamba basi anayetaga mamilioni anaweza kuvumilia chochote.

Tufanye hesabu. Chukua wanyama ambao idadi yao haipandi wala haishuki. Ili hali ibaki hivyo, kila jike, kwa wastani, anaacha watoto wawili tu wanaofikia kuzaa: mmoja wa kushika nafasi yake, mmoja wa kushika nafasi ya dume. Kwa tembo ni wawili. Kwa chewa wa Atlantiki, samaki wa maji baridi ya kaskazini, ni wawili vilevile. Tuseme chewa mmoja ametaga mayai milioni moja kila mwaka kwa miaka kumi. Ametaga milioni 10, wamebaki wawili, wamekufa 9,999,998. Kila nikiipitia hesabu hii nashindwa kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuutazama ule wingi akaona utajiri. Wingi huo unatupa kipimo cha vifo. Yai la chewa lina upana wa milimita moja na nusu hivi na linaelea katika bahari wazi. Mkondo unalipeleka unakotaka, na buu likianguliwa wiki ambayo planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini ambavyo ndivyo chakula chake, haijastawi, linakufa kwa njaa. Mama angelinda nini hapo? Nguvu ambazo tembo anazitia katika maziwa, yeye anazitia katika idadi, tena anataga kwa mafungu wiki baada ya wiki, ili angalau fungu moja likutane na chakula.

Mwaka 1883, kwenye maonyesho ya uvuvi jijini London, mwanabiolojia T. H. Huxley alisema kwamba uvuvi mkubwa wa baharini, ukiwemo wa chewa, huenda hauwezi kumalizika. Kwa zana za wakati wake hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Lakini zana zilibadilika, imani ikabaki. Julai 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa chewa nje ya Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa nchi hiyo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Marufuku hiyo iliyotangazwa kuwa ya miaka miwili ilidumu zaidi ya miaka 30. Muda wote huo majike waliosalia hawakuacha kutaga mayai kwa maelfu na mamilioni.

Kuna tarakimu nyingine inayonikera zaidi. Mwaka 2018 watafiti waliolinganisha aina 342 za samaki wa baharini waligundua kwamba kwa aina nyingi, mama akikua, mayai yake huongezeka kuliko uzito wake unavyoongezeka. Chewa mmoja wa kilo 30 hutaga sawa na majike 28 wa kilo mbili mbili. Hao 28 kwa pamoja wana kilo 56, karibu mara mbili ya uzito wake! Naye ndiye ambaye mvuvi humtamani kuliko wote, na sheria nyingi za uvuvi zinamruhusu, kwa sababu zinakataza wadogo tu. Kuwalinda wadogo ni sawa, angalau wazae mara moja. Ila huyu mkubwa amechukua miaka mingi kufika alipo, na akiondoka pengo lake ni kama la yule jike mzee wa Amboseli.

Baadhi ya wavuvi sasa wanafuata mipaka miwili, mdogo mno arudishwe na mkubwa mno arudishwe. Hiyo inafaa kwenye maji ya kina kifupi. Samaki aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hufura kibofu cha hewa, na mara nyingi akirudishwa majini anaelea tu, hawezi kuzama tena, hivyo kumrudisha hakumwokoi. Kwa huyo, inafaa zaidi kufunga kabisa maeneo ya kutagia katika wiki zile za kutaga, nyavu zisishushwe hapo kabisa.