Msifute Majina ya Waliomiliki Kitabu

Muuzaji mmoja wa vitabu vya zamani ametangaza kitabu chenye picha zilizochorwa kwa mkono, na anajisifu kwamba ukurasa wa mwanzo, uliokuwa na majina ya waliokimiliki, ameukata "ili kionekane kisafi". Nimesoma tangazo hilo mara mbili na hasira haijanitoka. Usafi gani huo? Amekipokonya kitabu ushahidi wake.

Hebu tutazame Haggada ya Sarajevo, kitabu cha kale cha Kiyahudi kilichohifadhiwa mjini Sarajevo, Bosnia. Ilitengenezwa Uhispania karibu mwaka 1350, kwa ngozi, na ina picha 69 za rangi na dhahabu. Ni kitabu cha kusomwa mezani usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, familia nzima ikiwa imekaa, chakula na vikombe vikiwa mbele yao. Kwa hiyo kurasa zake zina madoa ya mvinyo. Katika picha moja ya familia iliyoketi mezani yumo mwanamke mweusi, amevaa vizuri, ameshika mkate wake kama wenzake. Wataalamu wanabishana mpaka leo yeye ni nani. Mimi kila nikiitazama picha hiyo namwangalia yeye kwanza.

Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Uhispania, na kitabu kikaondoka na watu wake. Yamo maandishi kwamba kiliuzwa mwaka 1510. Kisha mwaka 1609 kikafika mbele ya Giovanni Domenico Vistorini, mkaguzi wa Kanisa huko Italia. Zama hizo vitabu vya Kiyahudi vilikuwa vikichomwa. Mji wa Venice wenyewe ulichoma hadharani Talmudi, vitabu vya sheria na mafundisho ya Kiyahudi, mwaka 1553. Vistorini alikisoma, akaandika kwamba amekikagua, akatia saini. Saini hiyo bado ipo. Sasa niambieni: fundi wa "usafi" angeifuta? Kwa macho yake si ni uchafu tu wa wino? Bila mstari huo tusingejua kwamba kitabu hiki kilipita mikononi mwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kukichoma, naye akakiacha kipite.

Mwaka 1894 mtu aitwaye Joseph Kohen aliiuza Haggada hiyo kwa makumbusho ya Sarajevo. Ikapelekwa Vienna kuchunguzwa, ikatiwa jalada jipya, na jalada la awali likapotea. Hao walikuwa wataalamu! Jalada ndilo lililoshikwa na kila mkono uliobeba kitabu hicho, na hatutaliona kamwe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili jenerali wa Kijerumani aliifuata pale makumbusho. Akaambiwa kwamba afisa mwingine ameshaichukua, kumbe Derviš Korkut, Mwislamu, mkutubi wa hapo, ameificha. Yeye na mkewe, Servet, walimficha pia binti wa Kiyahudi nyumbani mwao. Mwaka 1992, katika vita vya Bosnia, mji wa Sarajevo ukipigwa mabomu, mwanaakiolojia Enver Imamović, naye Mwislamu, aliingia makumbusho na wenzake wakaitoa, ikahifadhiwa kwenye chumba imara cha benki. Agosti mwaka huohuo maktaba ya taifa iliteketea kwa moto. Watu hawa hawakuwa wamiliki, na wala kitabu hakikuwa cha dini yao, lakini mimi nawahesabu pamoja na waliokinunua kwa fedha.

Bei mniache nayo. Kila Haggada hii inapotajwa, mtu lazima aulize ni dola ngapi.

Nakubali, shingo upande, kwamba si kila alama ibaki. Ukungu hula ngozi na karatasi, gundi mbaya hurarua kurasa, na fundi mwenye ujuzi lazima aviondoe. Lakini apige picha kwanza, aandike alichokiondoa na alikiondoa wapi, na maelezo hayo yaambatane na kitabu popote kiendako. Jina la mtu si ukungu. Muuzaji anayelikata na kunyamaza anamdanganya mnunuzi, na minada inayopokea vitabu vya namna hiyo bila kuuliza ukurasa umekwenda wapi inashiriki udanganyifu huo.