Mama wa bibi harusi na namba 403

Mama wa bibi harusi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, flashi mkononi, mkoba magotini, anangoja picha za mwanawe. Studio yetu iko Birere, hapa Goma, na picha zote za harusi tunazihifadhi kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali za kukodi, S3 ya Amazon, maana umeme wa kukatika na kurudi ulishatuulia diski moja baada ya nyingine.

Nikaandika amri ya kushusha faili. Mashine ikajibu: 403, imekatazwa.

"Nani anakataza?" Mama akauliza. "Mie nililipa yote."

Nikamwambia ni mambo ya ruhusa tu, dakika mbili. Nikapitia sera ya ruhusa mstari kwa mstari. Wengi huruhusu ndoo yenyewe, yaani ghala la faili, wakasahau alama za mkwaju na nyota (/*) zinazoruhusu vilivyomo ndani. Zilikuwepo. Nikatafuta katazo lililoandikwa wazi, kwa sababu huko katazo moja hushinda ruhusa mia. Hakuna. Nikatengeneza funguo mpya. 403. Mwishowe, Mungu anisamehe, nikajipa ruhusa ya kila kitu, nyota juu ya nyota, mamlaka ambayo hata gavana hana. 403.

Patron, bosi wangu, naye anapita nyuma yangu na ushauri. Zima, washa. Nunua megabaiti zingine. Mama keshapiga simu, sauti inafika barabarani: "Apana, mafoto iko mu mawingu, balizikatala kule!"

Patron akaona haya. "Kama inakatala kutoa, ipatie! Tuma foto moja tuone."

Nikatuma ya kwanza niliyoiona, mbuzi wa jirani. Naye akakataliwa, ila safari hii kwa maelezo: tofauti kati ya saa ya ombi na saa ya sasa ni kubwa mno.

Kumbe kabla ya kushusha, programu hutanguliza swali fupi la kuuliza habari za faili, na jibu lake likiwa la kukataa huja namba tupu, bila sababu. Ukituma ndipo unaambiwa. Kila ombi hutiwa sahihi pamoja na saa yake. Likipishana na saa yao kwa zaidi ya dakika 15, linatupwa, ruhusa uwe nazo usiwe nazo.

Lakini saa ya mashine ilikuwa sawasawa na ya ukutani! Nikafungua mipangilio. Majira yalikuwa ya Afrika ya Kati Magharibi, yaani ya Kinshasa, ambako wako nyuma yetu kwa saa moja.

"Aa, ile ni mie njo nilitengeneza," Patron akasema kwa fahari. "Tangu ifike toka Kinshasa ilikuwa inabakia nyuma. Jana nikaisukuma mbele na mukono."

Ombi hubeba saa ya dunia, ambayo mashine huihesabu kwa kutazama majira yake. Basi tangu jana tulikuwa tunaliletea wingu maombi ya saa ambayo bado haijafika.

Nikatafuta Goma kwenye orodha ya majira. Haimo. Yenye saa yetu niliyoiona imeandikwa Harare, Pretoria. Nikaichagua, nikairudisha saa ijirekebishe yenyewe, nikajivua ile nyota yangu ya ugavana. Picha zikaanza kumiminika.

Patron akachungulia kioo. "Pretoria? Unatupeleka Pretoria bila kuniuliza?"

Mama akashusha simu sikioni. "Na mafoto ya mutoto wangu, itapita ku duane ya mupaka?"