Mguu unasamehewa, mkono unaadhibiwa

Angalia mechi za kikapu za shule msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, iwe Iringa au Mbeya, utaona refa mmoja akitumia filimbi mbili. Asubuhi anachezesha wasichana. Mchezaji anadaka pasi, anapiga hatua tatu bila kudunda, refa anamtazama tu. Punde wawili wanaruka kugombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu ukarudi, mikono inagusana, filimbi inalia. Mchana wakiingia wavulana mambo yanageuka: hatua moja ya ziada haipati msamaha, ila kiwiko cha mbavu kinapita huku watazamaji wakishangilia, "Mpira wa kiume huo!"

Marefa hawa si wazembe. Wengi ni walimu, na wanajua wanachokiona. Wasichana wengi wametoka kwenye netiboli, ambako hakuna kukimbia ukidunda na mzuiaji lazima akae futi tatu kutoka kwa mwenye mpira. Jioni, uwanja mmoja wa saruji ukiwepo shuleni, wavulana ndio hutangulia kuukamata. Ukipiga filimbi kwa kila kosa la mguu, mechi haiendi. Ukiachia migusano mtu akaumia, mzazi atamtafuta mwalimu. Hoja hizo zina uzito.

Lakini anayesingiziwa ni yule refa mwingine, anayepima wote kwa kipimo kimoja. Akipigia miguu ya wasichana anazomewa: "Mwalimu, waache watoto wacheze!" Kana kwamba anawaonea. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hazina sura ya huruma kwa wasichana: kimo cha goli mita 3.05, faulo tano unatoka, sekunde 24 za kushambulia, kwa wote. Kinachotofautiana ni mpira. Wanawake hutumia namba 6, wenye mzingo wa sentimita 72 hivi, wanaume namba 7, takriban 76. Na si ajabu kumkuta binti akihangaika na namba 7 kwenye baridi ya Juni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa stoo. Tofauti aliyoandikiwa ananyimwa, ambayo haikuandikwa popote anapewa kwa wingi.

Huruma ya namna hii ina umri. Kikapu kilibuniwa Marekani mwaka 1891, na mwaka uliofuata Senda Berenson akaanza kuwafundisha wanafunzi wa kike wa chuo cha Smith. Aligawa uwanja sehemu tatu, akakataza kunyang'anyana mpira. Netiboli yenyewe ilikua Uingereza kutokana na kikapu cha wasichana. Kule Iowa, Marekani, wasichana wa sekondari walicheza sita kwa sita hadi 1993, watatu wa kushambulia na watatu wa kuzuia, bila kuvuka mstari wa kati. Mchezo ulipendwa sana, hilo tukubali. Ila mzuiaji angeweza kumaliza shule bila kufunga kikapu hata kimoja kwenye mechi.

Hoja ya kuwalinda ndiyo inayonikera zaidi. Jeraha linalotisha kwa wasichana wa kikapu ni kukatika kwa kano ya ndani ya goti. Tafiti zimeonyesha kwamba huwapata mara kadhaa zaidi ya wavulana, na sehemu kubwa hutokea pasipo kuguswa na mtu: mchezaji anatua vibaya, anageuka ghafla, anasimama kwa kishindo. Filimbi ya mkono haiokoi goti. Kinachopunguza hatari ni mazoezi ya kuruka, kutua na kusimama vizuri, yaani kazi ya miguu, ileile tunayoiachia.

Halafu hesabu faulo. Timu ya wasichana imekuja na wachezaji saba. Kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, mpinzani anapewa mitupo huru miwili. Robo ya tatu haijaisha, yule mrefu anayetegemewa kwa ribaundi amefikisha tano, yuko benchi amevaa sweta. Akifuata mwingine, kisha wa tatu, wanabaki wanne, na sheria inawaruhusu kuendelea. Nimemsikia kocha akiwaambia waliobaki, "Msiruke, mtapigiwa." Mtoto wa kikapu anaambiwa asiruke! Wakifika ngazi ya taifa wakakutana na refa anayepigia miguu na kuachia mguso mdogo, kila walichozoea kinawageukia.

Wavulana nao hawafaidiki. Anayepasuliwa mdomo kwa kiwiko hana wa kumlilia.

Ulegevu una mahali pake, ila upimwe kwa kiwango cha mchezo. Kidato cha kwanza wanaojifunza, wa kike kwa wa kiume, hatua isiyompa mtu faida iachwe ipite. Kwenye mashindano ya mkoa, hapana. Kikao cha marefa kabla ya mechi ya kwanza kinatosha kukubaliana mguu upi unaachwa na mkono upi unapigiwa, kwa mechi zote za siku hiyo. Na anayetumwa stoo aulize kama namba 6 ipo.